"Kikao chako kimekwisha": maana yake, na kwa nini fomu inapotea

Umejaza fomu ndefu mtandaoni, umebonyeza kitufe cha kutuma, na badala ya risiti unaletewa ukurasa unaodai nenosiri upya. Juu yake pameandikwa "Kikao chako kimekwisha, tafadhali ingia tena." Ukiingia, fomu ni tupu. Ujumbe haukuambii kikao ni kitu gani, nani amekimaliza, wala maandishi yako yamekwenda wapi.

HTTP, itifaki inayosafirisha kurasa za wavuti, kwa asili haina kumbukumbu. Seva, yaani kompyuta inayokutumia kurasa za tovuti, hulijibu ombi lako kisha imemalizana nawe, kama muuza duka asiyeshika sura za wateja: ukitoka mlangoni na kurudi hapo hapo, anakupokea kama mgeni. Mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, alibuni dawa yake, yaani vidakuzi. Seva hukipa kivinjari chako kipande kidogo cha maandishi, na kivinjari hukiambatanisha na kila ombi linalofuata. Ukiingia kwenye akaunti, kidakuzi hicho mara nyingi hubeba namba ndefu isiyoweza kubahatishwa, na seva kwa upande wake imeandika kwamba namba hiyo ni ya fulani. Kikao ni kile kipindi chote ambacho namba hiyo bado inatambulika.

Kipindi hicho hukatwa usipotuma kitu kwa muda fulani. Mwenye mfumo ndiye anayetakiwa kuupanga muda huo, lakini wengi huuacha ulivyokuja na zana walizotumia. PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti, isipobadilishwa, huhesabu taarifa za kikao kuwa takataka baada ya sekunde 1,440, yaani dakika 24. Tomcat, programu ya kuendeshea tovuti za Java, hukata baada ya dakika 30. Hizo ni namba za kuanzia tu, hazikuwekwa na mtu aliyeifikiria fomu yako.

Na hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. Kuandika si kutuma. Kwenye mifumo mingi, herufi unazogonga zinabaki kwenye kompyuta uliyokalia mpaka ubonyeze kitufe. Kwa hiyo wewe unahangaika na fomu kwa nusu saa nzima, jasho linakutoka, na seva inaona kimya tu. Kwake umeshaondoka.

Nenda steshenari yoyote ya Ngarenaro au Kaloleni, hapa Arusha, msimu wa maombi ya vyuo. Binti ametoka Monduli na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki. Fomu inataka namba ya mtihani wa kidato cha nne, anayo. Inataka picha, na picha imezidi ukubwa unaokubalika, basi dada wa kaunta anaipunguza huku akimtolea kopi mteja mwingine. Inataka namba ya kitambulisho cha mzazi. Anampigia mama, mama yuko shambani, simu haipatikani. Anasubiri. Mama anapopatikana na namba zikasomwa moja moja, binti anabonyeza "Endelea".

"Dada, imenitoa."

"Rudia tu, mdogo wangu. Huu mfumo ndivyo ulivyo."

Wengine wangesema mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima. Binti amefanya kila alichoambiwa, na sasa atalipa muda wa kompyuta mara mbili kwa uzembe wa mtu aliyekaa mbali kabisa na pale.

Steshenari hiyo hiyo inaonyesha kwa nini kikao lazima kiwe na mwisho. Kompyuta ni moja na foleni ni ndefu. Anayeinuka bila kutoka kwenye akaunti anamwachia anayekaa baada yake taarifa zake zote. OWASP, jumuiya inayoandika miongozo ya usalama wa programu za wavuti, hutaja dakika 2 hadi 5 za ukimya kwa mifumo yenye mambo mazito, na 15 hadi 30 kwa yenye hatari ndogo. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba kumfungia mtu mlango na kumtupia kazi yake ni mambo mawili, na hakuna sababu ya kiusalama ya kuyafanya pamoja. Seva inaweza kuhifadhi kila ukurasa unaokamilika, na hata ule ambao haujakamilika, ikamtaka mtu nenosiri, kisha ikamrudisha palepale alipoishia. Rasimu ikae kwenye seva, isikae kwenye kivinjari cha kompyuta ya watu wote.

Miongozo ya mwaka 2008 ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, iitwayo WCAG 2.0, inahusu kurahisisha wavuti kwa watu wote, wakiwemo wenye ulemavu. Kwa kawaida inataka mtumiaji aweze kuuzima au kuurekebisha muda, au aonywe kabla haujaisha na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi, kama kubonyeza kitufe kimoja. Hilo liko kwenye daraja la chini kabisa la masharti yake. Sharti la kutopoteza data baada ya kuingia upya limewekwa daraja la juu kabisa, ambalo mifumo michache hujaribu kulifikia. Mimi ningeanza nalo.

Mpaka mifumo itengenezwe vizuri, andika maelezo marefu kwanza kwenye Word au kwenye simu, kisha uyabandike. Kusanya namba na vyeti vyote kabla ya kuingia. Penye kitufe cha "Hifadhi", kibonyeze mara kwa mara. Ukihisi umekaa sana kabla ya kutuma, usiuguse ukurasa wa fomu: fungua kichupo (tab) kingine cha kivinjari hicho hicho, ingia tena kwenye akaunti, halafu rudi kwenye fomu na utume. Vichupo hutumia kidakuzi kimoja, kwa hiyo mara nyingi fomu hupita, ingawa kuna mifumo inayokataa. Kama imeshakutoa, jaribu kwanza kitufe cha kurudi nyuma, maana wakati mwingine kivinjari kinakuwa bado kimeyashika maandishi. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kabla hujainuka kwenye kiti.