Mnihilisti si mtu aliyekata tamaa

Nimelisikia neno hili mara tatu ndani ya wiki moja. Wa kwanza alikuwa kijana aliyeacha kujibu ujumbe wa rafiki zake, akajitetea kwamba siku hizi amekuwa mnihilisti. Wa pili alikuwa akichambua filamu ambayo karibu kila mhusika anakufa, akaiita ya kinihilisti. Wa tatu ndiye aliyenikalisha chini niandike. Alikuwa akimsema mtu anayelalamika kutwa kucha kwamba binadamu ni wanafiki, mapenzi ni uongo na haki haipo tena, kisha akamalizia, "Yule ni mnihilisti kabisa." Hapana. Mtu huyo anaamini mambo mengi kuliko mimi.

Maana kwanza, tena kwa haraka. Unihilisti ni msimamo kwamba kitu fulani ambacho watu hukichukulia kuwa na msingi, hakina msingi wowote. Kitu chenyewe hubadilika kutegemea unazungumza na nani. Anayeshikilia kuwa hakuna jema wala baya lililo jema au baya kweli, ila kuna tuliyozoea kuyasifu na kuyalaani, ni mnihilisti wa maadili. Anayesema maisha hayana lengo lolote lililowekwa nje yetu, ni mnihilisti wa maana ya maisha. Wapo hata wanafalsafa wa leo wanaodai kuwa hakuna meza, zipo chembe tu zilizopangika kimeza, nao huandikia hoja zao juu ya chembe hizo hizo bila wasiwasi. Wote hao ni wanihilisti, na hakuna hata mmoja anayelazimika kununa.

Asili ya neno inanipendeza zaidi kuliko maana. Chukua punje ya kunde uigeuze upande wa tumbo. Utaona doa jeusi, na katikati yake kovu dogo jeupe, pale punje iliposhikamana na ganda lake kabla hujaipukusa. Kovu hilo wataalamu wa mimea bado hulitaja kwa jina la Kilatini, hilum. Mwanasarufi wa Kirumi, Festus, alieleza kwamba watu walidhani hilum ni kile kijitu kinachong'ang'ania punje ya jamii ya maharagwe, na kwamba ndiko lilikotoka neno nihil. Weka kikanushi ne mbele ya hilum, unapata "hata kidoa cha punje". Sisi tunasema "sina hata punje", "hata chembe". Njia ni ile ile: ili kusema hakuna, unatafuta kitu kidogo kabisa, kisha unakikana nacho.

Sijaileta punje kwa mapambo. Ukisema "hata chembe", atakayekusikia atauliza, chembe ya nini? Ya unga? Ya aibu? Ya ukweli? Kukana peke yake hakujitoshelezi, lazima kuwe na kinachokanwa. Anayejiita mnihilisti bila kutaja anakana nini amekuachia sentensi nusu.

Tukifuata historia ya neno tunakuta jambo jingine ambalo husahaulika: mara nyingi lilitupwa na adui. Katika karne ya 12, wanateolojia wa Ulaya walibishana kama Kristo, kwa upande wa ubinadamu wake, alikuwa kitu fulani au hakuwa kitu. Waliodhaniwa kusema "hakuwa kitu" wakabandikwa jina lililotokana na nihil. Mwaka 1799 mwanafalsafa wa Kijerumani Friedrich Heinrich Jacobi alimwandikia mwanafalsafa mwenzake, Fichte, barua ya wazi. Fichte alikuwa tayari matatani kwa tuhuma za kumkana Mungu, naye Jacobi akaongeza lake. Kama akili haijui ila kile ilichokiunda yenyewe, alisema, basi Mungu, ulimwengu na hata nafsi vyote vinageuka vivuli vya akili hiyo, na kilichobaki ni utupu. Falsafa ya namna hiyo akaiita unihilisti. Wachache walikuwa wamelitumia neno kabla yake, lakini barua hiyo ndiyo iliyolipa nguvu katika falsafa. Angalia lilivyozaliwa: ni shutuma. Fichte hakujiita hivyo, na nina hakika asingekubali.

Halafu likavuka kwenda Urusi, na huko ndiko lilikopata umaarufu. Mwaka 1862 mwandishi wa Kirusi Ivan Turgenev alichapisha riwaya yake ya mababa na wana, yenye kijana anayeitwa Bazarov. Rafiki yake Arkady anamtambulisha nyumbani kwao kuwa ni mnihilisti. Baba wa Arkady anakumbuka Kilatini chake na kusema neno lazima limetoka kwenye nihil. Baba mkubwa wa Arkady anadakia: yaani mtu asiyeheshimu chochote. Arkady anamsahihisha kwa upole: ni mtu asiyeinamia mamlaka yoyote, asiyepokea kanuni yoyote kwa kuaminishwa tu, hata kama kanuni hiyo imezungukwa na heshima kiasi gani. Ugomvi wetu wote wa leo umo ndani ya mazungumzo hayo mafupi ya mezani. Kuna anayesikia "haheshimu chochote", na kuna anayesema "hapokei bila kuchunguza".

Sasa mtazame huyo Bazarov asubuhi yake ya kwanza ugenini. Wenzake wamelala. Yeye ameshatoka, amekwenda kwenye kinamasi kutafuta vyura. Watoto wawili wa pale wanamuuliza vyura ni vya nini. Anawaambia: nitampasua chura nione kinachoendelea ndani yake, na kwa kuwa mimi na nyinyi ni vyura vilevile ila tunatembea kwa miguu, nitajua pia kinachoendelea ndani yetu. Je, huyo ndiye mtu aliyekata tamaa, anayelala hadi mchana kwa sababu hakuna maana ya kuamka? Bazarov anakana mashairi, anakana ukabaila, anakana desturi za wazee, lakini hadubini yake haikani. Anasema mkemia mzuri ana faida mara ishirini kuliko mshairi yeyote. Huwezi kusema "faida" kama hujaamini kwamba kuna kinachofaa.

Ukinibana, nitakubali kwamba kwa kipimo cha wanafalsafa wa leo Bazarov ni mnihilisti nusunusu tu. Lakini yeye ndiye aliyelifikisha neno mitaani, na likishafika mitaani halirudi. Turgenev mwenyewe alisimulia kwamba aliporejea Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati ule, mwaka huo huo, soko la Apraksin lilikuwa likiungua. Mtu wa kwanza anayemfahamu aliyekutana naye alimpokea kwa maneno haya: tazama wanihilisti wako wanavyofanya, wanauchoma mji! Riwaya ina miezi michache tu, na tayari jina limeshakuwa la wachoma moto.

Miaka 19 baadaye, Machi 1881, Mfalme Alexander II aliuawa kwa bomu kando ya mfereji mjini Petersburg. Magazeti ya nje yakaandika: wanihilisti. Waliofanya hivyo walikuwa kundi la wanamapinduzi la Narodnaya Volya, na siku chache baada ya mauaji walimwandikia mfalme mpya barua wakidai wafungwa wa kisiasa wasamehewe na wawakilishi wa umma wachaguliwe. Unaweza kuwaita wauaji, ni haki yako. Ila watu waliokuwa tayari kunyongwa kwa ajili ya bunge huwezi kusema hawakuamini chochote.

Wengi wakisikia unihilisti humfikiria mwanafalsafa wa Kijerumani Nietzsche kabla ya hao wote. Kwake neno linageuka. Si tusi tena, bali ni jina la ugonjwa anaouona unakuja. Katika daftari zake za mwaka 1887 anajiuliza unihilisti una maana gani, naye anajibu kwamba thamani kuu kuliko zote zinajiondolea thamani zenyewe. Lengo halipo, swali "kwa nini?" halina jibu. Neno la kushika hapo ni "zenyewe". Hakuna mhuni aliyekuja kuzibomoa. Ulaya ilifundishwa kwa karne nyingi kupenda ukweli kuliko vyote, na upendo huo wa ukweli ukaishia kuuchunguza msingi uliokuwa umeubeba, ukaukuta mtupu. Ndiyo maana mwendawazimu wake maarufu, yule wa kitabu cha mwaka 1882 anayebeba taa mchana kweupe akitangaza kwamba Mungu amekufa, hashangilii. Anaogopa. Wanaomcheka pale sokoni ni wasioamini, na kinachomtisha ni kwamba wao wenyewe hawajajua walichokipoteza. Nietzsche aliwahi kuandika kwamba yeye ni mnihilisti kamili wa kwanza wa Ulaya, lakini akaongeza kwamba ameshaupitia unihilisti hadi mwisho na kuuacha nyuma yake. Watu hunukuu nusu ya kwanza tu, kama kawaida.

Sasa nirudi kwa yule mlalamikaji. Anasema dunia ni mbaya. Ili useme kitu ni kibaya lazima uwe na mizani. Unaweka dunia upande mmoja na haki, upendo au ukweli upande wa pili, unaona dunia imepungua. Mtu huyo anaisoma mizani na kusikitika. Mnihilisti hasomi chochote, kwa sababu anasema mizani yenyewe haipo. Tuliichonga sisi na tukasahau kwamba tuliichonga. Kwake dunia si mbaya, na si nzuri pia. Mwanafalsafa Schopenhauer, aliyefundisha kwamba kuishi ni kuteseka na kwamba ni heri tusingekuwapo, alikuwa na mizani nzito sana, na aliipa huruma nafasi ya juu katika maadili yake. Kumweka kapu moja na mtu anayesema huruma haina thamani yoyote ya kweli ni kuchanganya mwenye njaa na anayesema chakula hakijawahi kuwapo.

Kwa sababu hiyo hiyo "ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili" si unihilisti, ingawa nimeona ukiitwa hivyo. Mhubiri wa Biblia anapita kwenye mali, hekima na anasa, anaziona zote upepo, kisha mwishoni anamwambia msikilizaji amche Mungu. Hali kadhalika utenzi wa Al-Inkishafi. Mtunzi anaionyesha nafsi yake majumba ya Pate yaliyobaki magofu, mataa yaliyozimika, mabuibui na popo, ili iache kuipapia dunia na kuitazama akhera. Dunia si kitu kwa sababu kuna kingine ambacho ni kitu. Huo ni upande wa pili kabisa wa mto.

Udhanaishi nao huchanganywa humu, pengine kwa sababu wanafunzi hufundishwa yote mawili katika kipindi kimoja. Mdhanaishi kama mwanafalsafa Mfaransa Sartre anakubali kwamba hakuna maana tuliyokabidhiwa, halafu anasema basi jukumu la kuiunda ni letu, na hapo ndipo kazi inapoanza. Mwandishi Camus, ambaye hutajwa pamoja naye, hakupenda kuitwa hata mdhanaishi. Nisiende mbali huko.

Nimwambie nini, basi, yule kijana wa ujumbe usiojibiwa? Nisingemkosoa kwa ukali, maana anaonekana kachoka kweli, na mtu akichoka hukamata neno lililo karibu. Ningemuuliza tu: umekata tamaa ya nini? Ya marafiki, atasema, walimwangusha. Alitegemea wamsimamie, na bado anaona walipaswa kumsimamia. Ndiyo maana inauma. Hilo tuna jina lake tangu zamani. Amekinai. Amevunjika moyo. Unihilisti auache kwanza, na akitaka kuuchukua baadaye, aje aniambie anakana nini.