"Mwandishi wetu" wa siku ya msiba

Nimehariri tanzia nyingi, lakini moja bado inanikera. Alifariki kijana aliyekuwa akituletea stori kutoka wilayani kwa miaka kadhaa, akilipwa kwa kila stori iliyotoka. Isiyotoka, nauli imekula kwake. Nikaandika "mwandishi wa kujitegemea". Bosi wangu akasimama nyuma ya kiti, akainama, akayafuta maneno hayo kwa mkono wake na kuandika "mwandishi wetu". Kijana hakuwahi kupewa hata kitambulisho cha kampuni. Asubuhi ukurasa ukatoka na picha yake tuliyoikata kwenye picha ya pamoja ya semina, bega la mtu mwingine likionekana pembeni.

Tangu hapo, chombo chochote kikitangaza kifo cha mtu wake, kwanza naangalia kinamwitaje. Halafu naangalia kinauliza nini.

Basi la abiria likipinduka, tunajua pa kuanzia: dereva, mwendo, matairi, lilitoka saa ngapi. Akifa wa kwetu, dawati zima linageuka wafiwa. Anayeandika ndiye aliyekunywa naye chai ya saa nne, mhariri ndiye aliyempangia ile safari. Mwajiri ndiye chanzo cha habari, ndiye mpokea rambirambi, na ndiye huyohuyo aliyestahili kuulizwa maswali. Kinachotoka hapo ni tanzia: mcheshi, mchapakazi, pengo lake halitazibika. Kama ni ugonjwa, "baada ya kuugua kwa muda mfupi", na hapo tumemaliza.

Sisemi watu wasilie. Julai 8, 2019 wafanyakazi watano wa Azam Media walikufa kwa ajali Shelui, mkoani Singida, wakielekea Chato kurusha uzinduzi wa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Siku kama hiyo mtangazaji akishindwa kusoma mpaka mwisho, hakuna wa kumlaumu. Mimi naizungumzia wiki ya pili, ya tatu, matanga yakishaanuliwa.

Januari 11, 2022 gari lililobeba waandishi katika msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, likielekea Ukerewe, liligongana na basi dogo la abiria huko Busega, Simiyu. Walikufa watu 14, waandishi kadhaa wakiwamo. Aliyewahi kupanda gari la waandishi anajua lilivyo: liko mkiani mwa msafara, linakimbizana na mashangingi, yale magari makubwa ya viongozi, maana mkubwa akifika na kuanza kuongea kabla hujashuka, stori imekupita. Sijui wala sidai kwamba ndicho kilichotokea Busega. Ila hilo ni jambo la kuandikwa, na sisi hulisimulia tumekaa kwenye mkeka msibani, tukirudi ofisini tunaandika kuhusu jeneza na viongozi waliohudhuria.

Kwa Daudi Mwangosi mambo yalikwenda tofauti. Alikuwa mwandishi wa kituo cha televisheni cha Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoani Iringa. Aliuawa Septemba 2, 2012 katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, polisi walipokuwa wakitawanya wafuasi wa Chadema waliokuwa wakifungua tawi. Wenzake walikuwepo na kamera, na picha zikatoka magazetini: mtu mmoja katikati ya askari. Baada ya picha zile nani angeridhika na "mcheshi, mchapakazi"? Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 15. Picha hazikuendesha kesi peke yake, lakini ziliwanyima watu nafasi ya kusema hawakuona.

Aliyenisumbua zaidi kikazi ni Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi. Alikuwa akiripoti mauaji ya Kibiti na Rufiji, mkoani Pwani, akachukuliwa na watu wasiojulikana Novemba 21, 2017. Gazeti likawa linahesabu siku tangu atoweke. Ni uamuzi wa kihariri ninaouheshimu sana, kwa sababu tanzia huandikwa mara moja ikaisha, wakati hesabu ya siku inamdai mtu jibu kila asubuhi. Julai 2019 Palamagamba Kabudi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa. Baadaye ikafafanuliwa kwamba kauli ile haikuthibitisha kifo.

Sasa mhariri unafanyaje? "Marehemu" huwezi kuandika. "Hayati" ndiyo kabisa. Ukiandika "ni mwandishi", msomaji anakushangaa, na ukiandika "alikuwa mwandishi", umemzika wewe. Nimewahi kuirudia sentensi moja mara nne kwa sababu ya kitenzi hicho. Mwisho niliacha "alikuwa akiripoti kutoka Kibiti", maana kuhusu kazi yake angalau hakukuwa na ubishi. Na neno "wa kujitegemea" sikuliondoa.