Jumla limbikizi katika SQL: salio linapotoka kwenye majedwali kadhaa

Fungua taarifa yoyote ya benki au ya M-Pesa utaona safu ya salio. Namba iliyo kwenye kila mstari wa safu hiyo imebeba muamala wa mstari huo pamoja na miamala yote iliyoutangulia. Hiyo ndiyo jumla limbikizi. Jumla ya kawaida hukupa jibu moja mwishoni. Hii hukupa jibu kwa kila hatua, ndiyo maana mtu akibisha deni lake unaweza kumwonyesha lilipanda siku gani.

Miamala yote ikiwa kwenye jedwali moja, kazi ni ndogo kwa SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata. Lakini mfumo wa duka haukai hivyo. Chukua duka la jumla linalouza kwa mkopo. Kuna jedwali la `wateja`, la `mauzo` (risiti ni ya nani na ya tarehe gani), la `bidhaa_za_mauzo` (kila bidhaa iliyo kwenye risiti, idadi na bei) na la `malipo`. Mwenye duka anataka kitu kimoja: salio la kila mteja baada ya kila tukio. Hakuna jedwali lenye jibu hilo peke yake.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kuunganisha kila kitu kwa `JOIN`: wateja na mauzo, kisha malipo, halafu wanatoa malipo kwenye mauzo. Tuone kinachotokea. Mteja mmoja amechukua mali ya 40,000 tarehe 3 Machi, kisha tarehe 10 Machi akachukua mara mbili, 25,000 na 15,000. Amelipa 30,000 tarehe 8 na 20,000 tarehe 15. Mauzo yake ni 80,000, malipo 50,000, kwa hiyo anadaiwa 30,000.

Ukiunganisha mauzo na malipo kwa namba ya mteja, kila mstari wa mauzo hukutanishwa na kila mstari wa malipo. Mauzo matatu mara malipo mawili ni mistari sita. Mauzo sasa yanahesabiwa mara mbili mbili na kuwa 160,000. Malipo yanahesabiwa mara tatu tatu na kuwa 150,000. Tofauti yake ni 10,000. Hatari iko hapo: amri haikukataa, hakuna ujumbe wa kosa, na namba yenyewe inaaminika kabisa. Duka limepoteza 20,000 kwenye vitabu na hakuna aliyeiba.

Kosa ni la wazo. Mauzo na malipo hayana uhusiano wa moja kwa moja. Yote mawili ni matukio ya mteja, yanayofuatana kwa tarehe. Kwa hiyo hayapangwi ubavu kwa ubavu. Yanawekwa kwenye foleni moja, moja chini ya lingine, mauzo yakiwa na alama ya kujumlisha na malipo ya kutoa. Kazi hiyo hufanywa na `UNION ALL`. `JOIN` inabaki pale tu ambapo uhusiano ni wa kweli: risiti na bidhaa zake, muamala na jina la mteja.

```
WITH miamala AS (
  SELECT m.mteja_id, m.tarehe, 1 AS aina, m.id AS namba,
         SUM(b.idadi * b.bei) AS kiasi
  FROM mauzo m
  JOIN bidhaa_za_mauzo b ON b.mauzo_id = m.id
  GROUP BY m.mteja_id, m.tarehe, m.id
  UNION ALL
  SELECT mteja_id, tarehe, 2, id, -kiasi
  FROM malipo
)
SELECT w.jina, t.tarehe, t.kiasi,
       SUM(t.kiasi) OVER (
         PARTITION BY t.mteja_id
         ORDER BY t.tarehe, t.aina, t.namba
         ROWS BETWEEN UNBOUNDED PRECEDING
                  AND CURRENT ROW
       ) AS salio
FROM miamala t
JOIN wateja w ON w.id = t.mteja_id
ORDER BY w.jina, t.mteja_id, t.tarehe, t.aina, t.namba;
```

Kwa mteja wetu, safu ya salio itasomeka 40,000, kisha 10,000, 35,000, 50,000 na mwisho 30,000. Angalia pia kwamba bidhaa za risiti zilijumlishwa kwanza, ndani ya `miamala` (jedwali la muda linalotengenezwa na `WITH`), kabla ya kukutana na kitu kingine. Kila risiti imeingia kwenye foleni kama mstari mmoja.

Moyo wa amri hii ni `OVER`. Bila neno hilo, `SUM` hukusanya mistari na kukurudishia mmoja. Likiwepo, mistari inabaki yote, na kila mmoja unafunguliwa dirisha la kutazama wenzake. `PARTITION BY` inazuia deni la mteja mmoja lisimwagikie kwa mwingine, `ORDER BY` inapanga foleni, na `ROWS BETWEEN` inasema dirisha linaanzia mstari wa kwanza kabisa na kuishia hapa tulipo.

Sehemu hiyo ya `ROWS` watu huiacha, na mara nyingi hawaoni tofauti mpaka siku mteja mmoja anapochukua mali mara mbili kwa siku moja. Ukiweka `ORDER BY` bila kutaja mipaka ya dirisha, SQL hutumia `RANGE`, ambayo huichukulia mistari inayolingana kwenye mpangilio kuwa kitu kimoja. Ukipanga kwa tarehe peke yake, mistari yote miwili ya tarehe 10 Machi itaonyesha 50,000. Ile 35,000 ya katikati itatoweka. Ndiyo sababu nimeweka `aina` na `namba` baada ya tarehe. Namba peke yake haitoshi, kwa kuwa mauzo namba 12 na malipo namba 12 yanaweza kuwepo pamoja. Na kama kwa siku moja mauzo yahesabiwe kabla ya malipo au baada yake, huo ni uamuzi wa mwenye duka, mwulize. Ikiwa mfumo unahifadhi saa, panga kwa saa.

Usifupishe `UNION ALL` kuwa `UNION`. `UNION` hufuta mistari inayofanana kila kitu, na siku utakayoondoa safu ya namba, mauzo mawili ya 15,000 ya siku moja yatageuka kuwa moja.

Madirisha haya yamo kwenye kiwango cha SQL cha mwaka 2003, ila yalichelewa kufika kwenye mifumo yote ya hifadhidata: PostgreSQL iliyapata kwenye toleo 8.4 mwaka 2009, MySQL kwenye 8.0 mwaka 2018, na SQLite kwenye 3.25 mwaka huohuo. Kabla ya hapo kila mstari uliandikiwa amri ndogo ya kujumlisha yote yaliyoutangulia. Jibu lilikuwa sahihi, lakini mistari 10,000 ya mteja mmoja inadai nyongeza zaidi ya milioni 50, wakati dirisha hupita mara moja likibeba salio mkononi.

Mwenye duka akiomba taarifa ya Aprili peke yake, usiweke sharti la tarehe ndani ya `miamala`, wala kwenye `WHERE` ya amri hiyohiyo yenye `OVER`. `WHERE` hufanya kazi kabla ya dirisha, kwa hiyo miamala ya Machi itakatwa na mteja wetu ataanza Aprili akiwa hadaiwi kitu. Ifanye amri nzima iwe `WITH` ya pili, kisha chuja tarehe nje yake. Hapo mstari wake wa kwanza wa Aprili utakuwa umeibeba ile 30,000.