Pesa ya kutoa rangi yenye madini ya risasi nyumbani kwako ipo, usisubiri mtoto aumie ndo uombe

Nianze na neno lenyewe maana limeshaniletea shida. Kuna siku nilimpigia simu mama mmoja Mkongo, ana miezi minne tu hapa Marekani, nikamwambia majibu ya mwanae yametoka na mtoto ana risasi kwenye damu. Kimya. Alafu nikasikia analia, anauliza nani kampiga mwanangu, saa ngapi, mbona amelala hapa mzima. Kwake risasi ni ya bunduki, na ndo hizo hizo alizozikimbia. Toka siku hiyo nasema "madini ya risasi", na naeleza kwanza ndo natoa namba.

Mimi kazi yangu ni kukagua nyumba, natumwa na idara ya afya. Madini ya risasi zamani yalikuwa yanachanganywa kwenye rangi za nyumba sababu yanaifanya rangi ikauke haraka na idumu. Marekani waliipiga marufuku mwaka 1978, ila ile iliyokuwa tayari ukutani haikubanduliwa, watu wamepaka nyingine juu yake, na nyingine tena. Ndo maana mpaka leo nyumba zaidi ya milioni 30 bado zinayo, na ukiingia zile zilizojengwa kabla ya 1940 ni karibu 9 kwa kila 10. Na sisi wahamiaji tukifika tunapangishiwa wapi? Ndo humo humo kwenye zile nyumba za mbao za ghorofa tatu, kodi nafuu, karibu na basi.

Watu wengi wanadhani hatari ni mtoto kula vipande vya rangi. Hivo pia ni hatari, ila kinachoumiza watoto wengi ni vumbi. Nenda sasa hivi kwenye dirisha lako kama ni lile la kupandisha na kushusha, lifungue, angalia chini pale kwenye mfereji linapokaa. Utakuta unga wa kijivu na vichenga vya rangi. Kila ukifungua na kufunga mbao zinasuguana, rangi inasagika kama unga kwenye kinu, inadondokea kizingitini pale pale mtoto wa mwaka mmoja anaposhikilia akijifunza kusimama ili aone magari nje. Akitoka hapo vidole mdomoni. Hutaona kitu chochote, hatakohoa wala hatapata homa, lakini yale madini yanaenda kwenye ubongo, na baadae unaambiwa na mwalimu kwamba hatulii darasani, anachelewa kusoma.

Mwaka 2000 kule New Hampshire mtoto wa miaka 2, wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan, alifariki kwa sumu hii wiki chache tu baada ya kufika. Alikuwa ameokoka na vita. Nyumba ya kupanga ndo ikamuua. Kila nikiingia kwenye nyumba ambayo familia imefika juzi namfikiria yeye.

Haya, sasa pesa. Mwaka 1992 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupunguza hatari hii majumbani, na toka hapo serikali kuu kupitia wizara ya nyumba, HUD, inatoa ruzuku. Haikupi wewe cheki mkononi. Inapewa miji, kaunti, majimbo na serikali za wenyeji wa asili, wanaishindania kwa kuandika maombi, wakipata ndo wao wanalipa mafundi wenye cheti waje kwako. Kwa kawaida nyumba iwe imejengwa kabla ya 1978, kipato cha wanaokaa kiwe cha chini, na kama nyumba ni yako basi kuwe na mtoto chini ya miaka 6 anayeishi humo au anayeshinda humo mara kwa mara, kwa hiyo hata bibi anayelea wajukuu wakati wazazi wako zamu, aulize.

Ukikubaliwa anakuja mtu kama mimi na kimashine kama bastola (ndio, najua, naieleza kabla sijaitoa kwenye begi) anakigusisha ukutani kinasoma kama kuna madini ya risasi chini ya tabaka zote zile za rangi bila kutoboa. Anafuta vumbi sakafuni na dirishani kwa kitambaa maalum kinaenda maabara. Mafundi wanabadilisha madirisha na milango, wanaziba au kubandua rangi mbovu, na wakati huo familia inahamishwa kidogo na programu nyingi zinagharamia pa kulala. Wakimaliza vumbi linapimwa tena, na hamrudi mpaka maabara iseme pamekuwa safi.

Mpangaji atasema, nyumba si yangu, mwenye nyumba akisikia atanifukuza. Naisikia hii kila wiki. Ni kweli mwenye nyumba lazima asaini, ila mwambie anabadilishiwa madirisha kwa pesa ya serikali, wengi wanalainika hapo hapo. Na akipokea kuna sharti, miaka mitatu nyumba hiyo ikiwa wazi atangulize familia zenye watoto chini ya miaka 6. Majimbo mengi pia yana sheria inayomkataza kumlipizia mpangaji aliyetoa taarifa. Na kwa nyumba ya kabla ya 1978 alitakiwa akwambie anachokijua kuhusu rangi hii kabla hujasaini mkataba, hiyo ni sheria ya nchi nzima toka 1996, kwa hiyo kumuuliza sio kumkosea adabu.

Kungoja foleni kunachukua miezi, kwa hiyo wakati huo jamani fagio kavu liwekeni pembeni, linarusha vumbi juu linarudi kumdondokea mtoto. Tumia kitambaa chenye maji na sabuni, dirisha kwanza alafu sakafu. Sogeza kitanda cha mtoto mbali na dirisha, viatu viishie mlangoni, mikono inawe kabla ya kula. Na usikwangue rangi mwenyewe, utaongeza sumu nyumba nzima. Chakula kinasaidia, mtoto mwenye chuma na kalsiamu ya kutosha mwili wake hauyanyonyi sana haya madini, kwa hiyo maharage, sombe, dagaa, mpe. Lakini ule udongo wa kula wanaouza kwenye maduka yetu, na wanja wa kumpaka mtoto machoni, vyote vinaweza kuwa na madini haya haya, acheni.

Mpeleke apimwe damu. Mtoto mwenye Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato cha chini, anatakiwa kupimwa akiwa na miezi 12 na tena 24, na watoto wa wakimbizi wanapimwa wakifika, ila wale wadogo warudi tena baada ya miezi 3 hadi 6, hicho kipimo cha pili ndo kinachosahaulika na ndo kinachoonyesha kama nyumba mpya inawadhuru. Hakuna kiwango salama. Toka 2021 ikifika mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu inabidi ifuatiliwe, na mkikutwa nayo mwambie daktari unataka nyumba ikaguliwe.

Kuuliza piga 211, namba ya kuulizia misaada mtaani kwenu, au 1-800-424-5323, kituo cha taifa cha taarifa za madini ya risasi. Sema "Swahili" alafu subiri kwenye laini, uliza kama wana mkalimani wa bure. Uwe na mwaka nyumba ilipojengwa kama unaujua, umri wa watoto, na karatasi za malipo ya kazi. Wakikwambia pesa ya mji wenu imeisha, omba jina lako liandikwe, alafu piga pia ofisi ya kaunti na ya jimbo, maana kila mmoja anaweza kuwa na mfuko wake.