Bruda Haizibwi Kama Chungu cha Pilau
Wiki hii nimeitwa tena alfajiri katika nyumba ya mfugaji mmoja wa kuku hapa Mafinga, na mlangoni nimepokelewa kwa maneno ninayoyasikia kila Julai: "Daktari, nimeziba kila tundu na bado wanakufa." Nilipofunua turubai la bruda, yaani kizimba cha kulelea vifaranga kwa joto, amonia, ile gesi kali ya kinyesi, ilinichoma macho. Vifaranga wa siku nne walikuwa wamejibana ukingoni, mbali na jiko la mkaa lililowekwa katikati, midomo wazi na mabawa yametengana na mbavu, na maranda chini yao yalikuwa yamelowa hadi yanashikana mkononi kama unga uliokandwa. Hao hawakuwa wakifa kwa baridi.

Kuunda bruda hakuchukui hata asubuhi nzima. Hadibodi moja ya futi 8 kwa 4 ipasuliwe kwa urefu vipande vitatu. Viwili vikiunganishwa vinatoa duara la kipenyo cha mita 1.5 hivi, linalotosha vifaranga 90 kwa wiki ya kwanza. Liwe duara, kwa sababu kwenye kona hurundikana na wa chini hukosa pumzi. Maranda makavu yafike kina cha sentimita 5 au zaidi. Gazeti tupu huteleza na kuwatanua miguu.

Tatizo ni joto, na nimechoka kuona likieleweka vibaya. Nyuzi 32 hadi 35 tunazozitaja kwa wiki ya kwanza ni za mahali palipo chini ya taa ya kupashia joto, kipimajoto kikiwa usawa wa mgongo wa kifaranga, wala si za bruda nzima. Kifaranga anayelelewa na mama huingia chini ya bawa akisikia baridi, na akishapata joto hutoka kwenda kudonoa. Hakai humo kutwa. Kwa hiyo taa ining'inizwe upande mmoja, maji na chakula viwekwe pembeni mwa mwanga wake, na upande wa pili ubaki na ubaridi kiasi ili anayezidiwa apate pa kukimbilia. Upepo unaowapiga vifaranga mgongoni tayari umezuiwa na hadibodi. Kule juu hewa iachwe itoke, maana ndiyo inayobeba unyevu na amonia.

Kanuni ya kushusha nyuzi 3 kila wiki naitaja katika mafunzo, lakini mimi mwenyewe siifuati sawasawa. Niliwahi kuinua taa kwa kufuata ratiba, usiku ukawa wa baridi kali, na asubuhi nikakuta wanane wamekandamizwa. Siku hizi nawatazama wenyewe usiku: wakirundikana chini ya taa huku wakilia kwa sauti kali, naishusha, wakiikimbia, naiinua, wakilala wametawanyika, naiacha.

Kuhusu mkaa bado nasita. Umeme ukikatika huwasha jiko nje, nikaliingiza moshi ukiisha, lakini silali kwa amani, kwa sababu mkaa uliokolea hutoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu, nayo huua vifaranga na watu pia.

Katika nyumba ile tulilitoa jiko, tukabadilisha maranda, tukaning'iniza taa upande mmoja na kulikunja turubai hadi nusu. Kabla sijamaliza chai, vifaranga walikuwa wameachana na ukingo, na wa kwanza wao alikuwa ameinamia chombo cha maji.