Matanga yakishaanuliwa ndo kazi inaanza

Watu wengi wanaokuja kwangu kwa ajili ya msiba hawaji wiki ya msiba. Wanakuja mwezi wa tatu, wa nne, wengine mwaka umeshapita, na karibu wote wanaanza kwa kuomba samahani, eti "najua muda huu nilitakiwa niwe nimeshazoea". Mimi ni mshauri nasaha hapa Dar, na leo nataka nieleze kwa nini mtu anaweza akawa ngangari kabisa siku ya kuzika, anapokea wageni, anakumbuka hadi sufuria la nani limeazimwa, halafu miezi mitatu baadaye anashindwa kutoka nje kwenda dukani kununua chumvi.

Kwanza tusijidharau, kwenye kuzika tupo vizuri jamani. Turubai linafungwa kabla hata ndugu wa mkoani hawajapata basi, kamati imeshakaa, daftari la rambirambi limefunguliwa, kina mama wameshika jiko, vijana wapo makaburini, na mfiwa yupo kwenye godoro sebuleni kazungukwa na watu wanaolia naye na hakuna anayemwambia anyamaze, hata akigaragara. Hiyo ni tiba kubwa tu. Tatizo lake ni kwamba ina tarehe ya mwisho. Hitima ikisomwa, au ibada ikishapita, matanga yanaanuliwa, watu wanapeana nauli, viti vya plastiki vinahesabiwa na kupakiwa. Ofisini nako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka siku zisizopungua 4 zenye malipo ukifiwa na mwenza, mzazi, mtoto au ndugu wa kuzaliwa naye. Siku 4! Yaani kama mmesafirisha kutoka Dar hadi Bukoba, mnazika na kugeuza.

Sasa siku hizo za mwanzo mfiwa mwenyewe mara nyingi hayupo. Anakula akiambiwa ale, analala akiambiwa alale, anaitikia pole, lakini ndani kuna ganzi, na majirani wakimwona hivyo wanasema yule ana moyo mgumu. Ganzi inakuja kutoka wiki kadhaa baadaye, na hapo nyumba ipo tupu, mashemeji wamerudi kwao, grupu la WhatsApp la msiba limebadilishwa jina limekuwa la kikoba. Ndo maana mwezi wa tatu unakuwa mgumu kuliko siku ya tatu, na wala sio kwamba imani yako imepungua.

Wengi wameshasikia habari ya hatua tano za huzuni, kukataa, hasira na kuendelea mpaka kukubali, na wanajipima nazo kama mtihani, "mimi nipo hatua ya ngapi?" Zile hatua Elisabeth Kübler-Ross aliziandika mwaka 1969 baada ya kuongea na wagonjwa ambao wao wenyewe ndo walikuwa wanakaribia kufa, baadaye ndo watu wakazihamishia kwa wafiwa. Sizitumii sana. Ninayoiona kazini kila siku inafanana zaidi na ile waliyoieleza watafiti wawili wa chuo kikuu cha Utrecht kule Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999, kwamba mfiwa ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Kuna kazi ya kumlilia aliyeondoka, yaani kumkumbuka, kutazama picha, kulia bafuni maji yakiwa wazi ili watoto wasisikie. Na kuna kazi ya kupanga maisha bila yeye, ada, kodi ya nyumba, nani atamlipa fundi, cheti cha kifo RITA (wakala wa usajili), muhtasari wa kikao cha ukoo, mahakama ya mwanzo kwa ajili ya mirathi. Mtu mwenye afya anapishana kati ya hizo mbili, asubuhi yupo mahakamani amekaza uso, jioni anasikia mtu anakohoa kama marehemu, anavunjika kabisa, kesho yake anacheka kwenye daladala halafu anajisuta kwa kucheka.

Usijisute. Huko kwenda na kurudi ndo uponyaji wenyewe. Anayeumwa ni yule aliyekwama upande mmoja tu, ama analia miezi na miezi bila kugusa kitu kingine, ama amejitupa kwenye kazi na miradi na pombe kiasi kwamba jina la marehemu halitajwi nyumbani.

Kuna mama mmoja (nimebadilisha vitu kadhaa asijulikane) alikuwa anaiwekea vocha laini ya mume wake kila mwezi. Alishaambiwa laini isipotumika muda mrefu inafungwa, kwa hiyo anaweka vocha ya mia tano, anapiga kutoka simu yake, inaita kwenye droo ya kabati, anaifungua droo anaangalia kioo kinawaka jina lake alilosevu marehemu, "Mama Chanja", maana alipenda kumtania kwamba kila siku kuku wake wanadaiwa chanjo. Anaiacha iite mpaka ikatike. Dada yake aliona akasema huyu ameshachanganyikiwa apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Mimi nilimuuliza kitu kimoja tu, baada ya kupiga unafanya nini? Akasema naenda kulisha kuku. Basi huyo hana ugonjwa, hiyo ni dakika mbili ya kumlilia mume halafu anarudi kwenye maisha. Angekuwa anakaa mbele ya ile droo siku nzima kuku wanakufa njaa, hapo ningeongea mengine.

Na kuna lile watu wanaloogopa kulisema kabisa, kwamba nimemsikia ananiita, au nimeona kama kakaa kwenye kochi. Kwetu hili linakimbiliwa haraka, mara mizimu, mara anadai kitu, mara nyumba ipigwe maombi. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha matokeo baada ya kuwahoji wajane na wagane 293, na karibu nusu yao walishawahi kumhisi, kumwona au kumsikia mwenza wao aliyefariki, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu. Ubongo uliozoea hatua za mtu mmoja miaka 20 unaendelea kuzisubiri. Kama huna dalili nyingine, kama hiyo sauti haikuamrishi ujidhuru, hakuna cha kutisha hapo.

Lingine lisilosemwa ni hasira, na simaanishi kumkasirikia Mungu, hiyo watu wanaikiri. Nazungumzia kumkasirikia marehemu mwenyewe. Unamzika mumeo halafu siku ya kusoma wasifu anasimama mama mwingine na watoto wawili wenye sura ile ile. Au unagundua nyumba ilishawekwa dhamana benki. Watu wazima wanakwambia "marehemu hasemwi vibaya", kwa hiyo ile hasira inakosa pa kwenda, huwezi kumgombeza aliye kaburini, na kulia kwa kumkumbuka unajiona mnafiki. Hawa ndo wanaokaa muda mrefu kwenye huzuni kuliko wote nnaowaona. Nnachowaambia ni kwamba unaruhusiwa kuwa na vyote viwili, unamkumbuka na umemkasirikia, na tafuta mtu mmoja wa kuongea naye asiye wa ukoo ule.

Watoto sasa. Naomba sana tuache kusema "baba amesafiri". Mtoto wa chini ya miaka mitano bado haelewi kwamba kifo hakirudi nyuma, ukimwambia kasafiri anasubiri, kila pikipiki ikisimama getini anakimbia, na ukija kumwambia ukweli baadaye anakuwa na misiba miwili, wa baba na wa kudanganywa. Mwambie amefariki, mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii maumivu, hatarudi, na sio kwa sababu ulikuwa mtukutu (hili la mwisho ongeza hata kama hajauliza). Atauliza tena kesho na keshokutwa, mjibu vile vile. Halafu utashangaa analia dakika tano kisha anaomba mpira, na bibi anasema huyu hana uchungu. Anao, ila watoto wanapishana haraka kuliko sisi.

Swali la nguo za marehemu naulizwa kila wiki. Hakuna muda maalum kisaikolojia, mila na dini yenu vina utaratibu wake na mara nyingi unasaidia. Ninalopinga ni shemeji kuja kufungua kabati mfiwa hajui, kwa nia njema, "tumpunguzie machungu". Awepo mwenyewe, achague cha kubaki. Vivyo hivyo eda, miezi minne na siku kumi, wajane kadhaa wa Kiislamu wameniambia waliona ni mzigo mwanzoni lakini ilikuja kuwa ndo kipindi pekee ambacho hakuna aliyewauliza "bado tu?"

Lini uwe na wasiwasi? Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ule wa ICD-11 ulioanza kutumika mwaka 2022, unatambua huzuni ya msiba iliyopitiliza kama tatizo la kutibiwa, na unataka iwe imepita angalau miezi 6, uchungu ni mkali karibu kila siku, maisha yamesimama, na imezidi kile ambacho dini na mila za mtu mwenyewe zinakitegemea. Wamarekani wao kwa mtu mzima wanasubiri mwaka mzima. Lakini kuna mambo hayasubiri miezi, mtu akianza kusema anataka kumfuata marehemu, akiacha kula, akiacha dawa zake za presha au za ARV, au akawa halali bila pombe, huyo mpeleke hospitali mara moja. Na muulize wazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumpi wazo.

Tiba yenyewe kwa sehemu kubwa ni maongezi. Vidonge vya usingizi ambavyo ndugu wanapenda kumpa mfiwa msibani havitibu msiba, vinauahirisha, na baadhi vinazoeleka vibaya. Dawa za sonona (depression) ni kitu kingine, zinasaidia pale sonona imeingia kweli, na hiyo aamue daktari. Kama upo Dar kuna idara ya afya ya akili Muhimbili, mikoani anzia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukifika dirishani useme unataka kitengo cha afya ya akili, na kama unaona aibu kulitamka mbele ya foleni, liandike kwenye karatasi umpe yule wa mapokezi.