Tafuta ofisi kabla ya jina: nyaraka za zamani na historia ya ukoo Tabora na Kigoma

Mtu anayekuja kuulizia habari za babu yake kwa kawaida hutanguliza jina. Husema babu aliitwa Shija, baba yake babu aliitwa Mabula, walikuwa Wanyamwezi wa upande wa Uyui, kisha huomba atazamiwe kitabuni. Sisi watunza nyaraka tungependa arudi kwake na jibu siku hiyohiyo, lakini jina peke yake halitoshi. Katika Unyamwezi mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha Kulwa na Doto huitwa Shija, na anayezaliwa wakati wa mvua aghalabu huitwa Mabula. Kwa hiyo daftari moja la kodi huweza kuwa na akina Shija wengi, wala hapana jina la ukoo la kuwatenganisha, kwa kuwa jina la pili lilikuwa la baba na lilibadilika kila kizazi. Swali linalofaa kutangulia ni hili: babu alikutana na ofisi gani? Nyaraka hizi hazikuandikwa na ukoo kwa ajili ya ukoo. Ziliandikwa na karani, na karani alimwandika mtu pale alipolipa kodi, alipobatizwa, alipoajiriwa au aliposhtakiwa.

Jibu la swali hilo huanzia nyumbani, kwa wazee, na tafadhali msikawie kuwauliza. Waulizeni babu aliishi chini ya mtemi gani (mtawala wa himaya) na mwanangwa gani (mkuu wa kijiji chini ya mtemi), au, kwa upande wa Waha wa Kigoma, chini ya mwami (mtawala) na mtwale (mkuu aliye chini yake) yupi, kwa sababu utawala wa Waingereza ulipanga kodi na mabaraza kwa kufuata himaya hizo hadi utemi ulipofutwa mwaka 1963. Waulizeni pia mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, yako wapi. Kijiji mnachokiita kwenu leo huenda kilianza juzi tu: watu wa mkoa wa Kigoma walihamishwa kwa wingi katika operesheni ya vijiji ya mwaka 1972, na kabla ya hapo Waingereza walikwisha kuondoa watu katika sehemu zenye mbung'o na kuwakusanya kwenye makazi ya kuwakinga na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Anayetafuta jina la babu katika nyaraka za kijiji cha sasa anaweza kupekua wiki nzima bila kitu, ilhali jina limo katika nyaraka za mahali ambapo leo ni pori.

Wazee hawatataja mwaka kwa tarakimu, lakini watataja tukio, na matukio tunayo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Kama bibi aliwahi kusema alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni siku Wabelgiji walipoingia, alikwisha kukupa umri wake kwa usahihi kuliko kadi nyingi zilizojazwa baadaye kwa kukisia.

Wengi huuliza kwa nini hawapati cheti cha kuzaliwa cha babu. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikuwalazimu Waafrika walio wengi, na usajili uliwafikia polepole, wilaya kwa wilaya. Kukosa cheti ni jambo la kawaida. Si dalili kwamba familia ilificha kitu.

Kodi ndiyo iliyowaandika wanaume wengi, tangu Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898 hadi kodi ya kichwa ya wakati wa Waingereza. Stakabadhi chakavu iliyofichwa na babu katika kasha hubeba mwaka, wilaya na mara nyingi jina la mkuu wa eneo, na hayo matatu ndiyo hasa tunayoyahitaji ili kujua faili la kufungua. Udhaifu wake ni mkubwa, hata hivyo, kwa kuwa wanawake karibu hawamo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona koo zikichora mti wenye matawi ya kiumeni tu, kisha zikasadiki kwamba bibi zao hawakuacha alama.

Bibi wamo katika vitabu vya ubatizo na ndoa. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee bado huwaita Mapadri Weupe, walifika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwaka 1879, na Wamoravian walianza kazi Urambo mwaka 1898. Kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki huwa na namba ya mbatizwa, jina lake la nyumbani na la ubatizo, majina ya baba na mama, jina la msimamizi, na pembeni nafasi ya kuandika kipaimara na ndoa. Ukiona neno la Kilatini circa mbele ya mwaka, elewa kwamba padri alikadiria. Mwangalieni sana msimamizi: mara nyingi alikuwa jirani au jamaa, na jina lake linaweza kukuongoza kwenye familia ya pili. Namba ya ubatizo iliyo kwenye kadi ya bibi humwezesha katibu wa parokia kufika kwenye ukurasa wenyewe bila kupekua kitabu kizima.

Someni maandishi hayo kwa masikio. Mjerumani aliandika Unjanjembe kwa Unyanyembe na Udjidji kwa Ujiji. Mfaransa akaandika Oujiji. Kwa hiyo Shija huweza kuwa Schija katika faili la boma na Chija katika kitabu cha misheni, na wote wakawa mtu mmoja.

Kwa Ujiji na Tabora mjini kuna nyaraka za aina nyingine zinazohitaji moyo wa uangalifu. Serikali ya Wajerumani ilitoa hati za uhuru kwa watumwa waliokombolewa au kuachwa, na tangazo la mwaka 1904 lilisema kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 atakuwa mtu huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1922. Familia nyingi za miji hii zina asili ya Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na katika hizo wamo waliokuja kwa biashara na waliokuja kwa kufungwa. Anayekuta hati ya namna hiyo asiitangaze mbele ya watu kabla ya kukaa na wazee wa pande zote. Aibu si ya aliyeuzwa, lakini wakati wa kulisema jambo hilo ni wa familia kuamua.

Kigoma ina upekee mwingine: Wabelgiji waliitawala hadi mwaka 1921, kwa hiyo sehemu ya nyaraka za miaka hiyo ilibebwa hadi Brussels. Kwa vijana wa Kiha walioondoka kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wale walioitwa manamba, ulizeni kipande cha kazi (kadi ya mfanyakazi) au jina la shamba. Ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha wafanyakazi ilianzishwa mwaka 1944.

Lakini nikiulizwa ni karatasi gani moja ningependa kuipata kuhusu ukoo wowote, nitasema ni jalada la shauri la mirathi. Pale kila upande ulilazimika kutaja nani alizaliwa na nani, kwa mke gani, mahari ililipwa au haikulipwa, na mzee wa baraza akayapima maneno yao. Mahakama za mwanzo zilirithi sehemu ya majalada hayo.

Vitabu vya wilaya, ambamo maofisa waliandika nasaba za watemi na habari za koo, vimo katika Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 2002 kwa kawaida hufungua kumbukumbu za umma baada ya miaka 30. Katika barua ya maombi andikeni himaya, wilaya na kipindi, ndipo jina.

Karatasi za nyumbani msizipitishe kwenye mashine ya kufunika kwa plastiki, kwa kuwa joto na gundi yake huziharibu na haziwezi kutolewa tena. Zipigeni picha, mziweke katika bahasha ya karatasi mbali na unyevu na mchwa, na majina ya waliomo kwenye picha za zamani myaandike nyuma kwa penseli laini wakati yuko mzee wa kuyataja.